Somo la Pikipiki: Klachi Inayoteleza



Katika msimu uliopita si wachache waliofika ofisini kwetu na malalamiko ya namna moja: "Pikipiki inanguruma, lakini haivuti." Ukimwuliza mtu fundi amemwambia nini, jawabu ni moja tu: klachi imekwisha, inunuliwe mpya nzima. Wengine wamenunua, na baada ya wiki tatu maradhi yakarudi yale yale. Kwa hiyo Kamati imeniagiza niandike somo juu ya jambo hili, ili kila mwenye pikipiki, hata yule asiyependa kushika spana, ajue cha kumwuliza fundi kabla hajatoa fedha mfukoni.

Jambo lenyewe si dogo kwa mkulima wa karafuu. Karafuu mbichi haingoji. Ikishachumwa hutakiwa ichambuliwe makonyo, kisha ianikwe. Ikilala ndani ya gunia hupata joto na huvunda, na hata ikija kukauka hutoka imepauka na kunywea, ikakosa daraja kituoni. Mtu ambaye shamba lake liko bondeni na uwanja wake wa kuanikia uko juu anaitegemea pikipiki imfikishe siku ile ile. Na Pemba yetu, kama mnavyoijua, ni vilima na mabonde. Klachi inayoteleza katika barabara tambarare ni udhia tu. Katika mlima, na gunia nyuma, ni hatari, kwani pikipiki husita katikati ya njia, kisha huanza kurudi nyuma pamoja na mzigo wake. Na wakati wa kuteremka, injini haiwezi kulizuia gurudumu kama inavyopasa, ikawa kazi yote imeziangukia breki.

Nitakayoyaeleza hapa yanahusu zile pikipiki ambazo wengi wetu tunazo, yaani Honda CG125 na wenzake walioigizwa kutoka kwake huko China. Pikipiki hii ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1970, na ilikusudiwa khasa nchi kama zetu, ambako watu hupakia mzigo mwingi na oili huibadilisha wanapokumbuka. Ndiyo maana injini yake huvumilia mengi. Lakini klachi yake hukaa ndani ya oili ile ile ya injini, na hapo ndipo penye siri ya matatizo mengi. Wenye Vespa za zamani wasome sehemu ya waya tu. Klachi yao huogelea katika oili ya gia peke yake, mbali na injini, na mambo yake ni mengine.

Kwanza tuelewe klachi ni nini. Bana viganja vyako viwili kwa nguvu, kisha uzungushe kimoja, utaona na cha pili kinafuata. Legeza kidogo, na kimoja kitazunguka peke yake. Sasa paka mafuta ya nazi, na hata ukibana kwa nguvu zako zote vitateleza. Klachi ndiyo hiyo. Upande mmoja liko bakuli kubwa lenye mianya ubavuni, ambalo huzungushwa na injini. Ndani yake kiko kitovu, ambacho huzungusha gia na hatimaye gurudumu. Baina ya bakuli na kitovu zimepangwa pleti za namna mbili, moja baada ya moja: pleti zenye kitambaa, ambazo masikio yake hukaa katika mianya ya bakuli, na pleti za chuma tupu, ambazo meno yake hushika kitovu. Springi nne huzibana zote pamoja. Ukivuta mkono wa klachi, waya husukuma kijiti ambacho huzishinda zile springi na kuzilegeza pleti, na injini ikazunguka bila ya gurudumu.

Basi klachi huteleza kwa mojawapo ya mambo matatu. Ama springi hazikuachiwa zibane kwa nguvu zake zote, ama kitu cha utelezi kimeingia baina ya pleti, ama pleti na springi zenyewe zimechakaa. La kwanza halina gharama kulitengeneza. La pili lina gharama ya oili. La tatu ndilo la kununua vifaa. Mafundi wengi huanza na la tatu, nasi tutaanza na la kwanza.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba ni klachi kweli. Nenda barabara ya lami iliyo tambarare na tupu, bila mzigo, utie gia ya 4, na ukiwa katika mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, fungua mafuta yote kwa ghafula. Klachi nzima itaipandisha sauti ya injini polepole pamoja na mwendo. Klachi inayoteleza itaipandisha sauti juu mara moja, na mwendo utabaki pale pale. Aghlabu dalili huanza katika gia kubwa na katika mlima, kwa kuwa hapo ndipo klachi inapobeba uzito mwingi zaidi. Ikifika kuteleza mpaka katika gia ya 1, ujue umechelewa. Usichanganye na cheni iliyolegea juu ya sproketi iliyokwisha meno, kwani hiyo hurukaruka kwa kishindo, bali klachi huteleza kimya kimya. Wala usichanganye na klachi isiyoachia, yaani ile ambayo ukivuta mkono na kutia gia, pikipiki hutaka kwenda yenyewe. Huo ni ugonjwa wa kinyume, na dawa yake ni kinyume. Mtu akitumia dawa ya huu kwa ule ataharibu zaidi.

Sasa tazama mkono wa klachi, kushoto kwa usukani. Uvute kwa kidole kimoja tu. Mwanzo unapaswa uje mwepesi, bila uzito wowote, kisha ndipo uhisi springi zinakaza. Ule mwendo mwepesi wa mwanzo, ambao mafundi huuita plei, ukipimwa kwenye ncha ya mkono uwe baina ya milimita 10 na 20. Asiye na rula apime kwa unene wa kidole chake. Ikiwa plei haipo kabisa, na mkono umekaza tangu mwanzo, basi waya unaivuta klachi mchana kutwa, kama kwamba umeishika wewe mwenyewe bila kujua. Springi hazibani sawasawa, pleti zinasuguana na kupata joto, na kitambaa kinaungua kidogo kidogo.

Watu huuliza: plei ilikuwapo, nani ameiondoa? Aghlabu hakuna aliyeiondoa. Pleti za kitambaa zikipungua unene, kidude kinachozibana husogea ndani, na kile kijiti husogezwa nje kuufuata waya. Kwa hivyo kadiri klachi inavyochakaa ndivyo plei inavyopungua yenyewe, mpaka ikesha. Mtu aliyerekebisha mwanzo wa msimu akasahau, huenda akaikosa kabla msimu haujamalizika. Na wapo pia wanaopenda mkono uwe mkavu, usiochezacheza, wakamwambia fundi akaze. Huko ni kuua klachi kwa fedha yako mwenyewe.

Kurekebisha ni pahala pawili. Juu, pale waya unapoingia katika mkono, pana skrubu inayozungushwa kwa vidole pamoja na pete yake ya kuifungia. Chini, karibu na injini, pana nati mbili zinazoushika waya. Anza kwa kuiingiza ile skrubu ya juu karibu yote, ili ubaki na nafasi ya marekebisho madogo ya baadaye. Kisha legeza nati za chini, uuachie waya mpaka plei ipatikane, na uzikaze tena. Kilichobaki kimalizie juu. Halafu geuza usukani kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho, na kila upande ujaribu tena plei. Ikiwa upande mmoja inatoweka, waya umebanwa mahali au umepitishwa vibaya chini ya tangi.

Waya wenyewe nao uangaliwe. Hewa yetu ina chumvi ya bahari, na ndani ya ganda la waya kutu hufanya kazi yake kimya. Uchomoe waya kwenye injini, uvute kwa mkono huku na huku. Ukikwama au ukirudi kwa uzito, springi za klachi hazitaweza kuurudisha wote, na hapo klachi itateleza ijapokuwa plei imepimwa vizuri. Tengeneza faneli ndogo kwa karatasi ngumu, uifunge kwenye ncha ya juu ya ganda, utie oili safi matone machache machache, uiache ishuke yenyewe mpaka itokeze chini. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, nunua waya mpya, kwani haupiti wiki nyingi kabla haujakatika wote, na hautachagua pahala pa kukatikia.

Mwanachama mmoja wa upande wa Konde alikuwa ameshatajiwa bei ya klachi nzima. Tulilegeza nati za chini mizunguko michache tu, akapanda mlima siku ile ile na gunia lake. Sisemi kwamba kila mtu atakuwa na bahati hiyo. Aliyeendesha miezi mingi na waya uliokaza, huenda pleti zake zimekwisha kuungua, na waya pekee hautamponya.

Ikiwa waya ni mzima na klachi bado yateleza, mwulize aliyekutilia oili mara ya mwisho: ilikuwa oili gani? Hapa naomba msome kwa makini, kwani ndiyo sababu ya wale walionunua pleti mpya zikateleza baada ya wiki tatu. Oili nyingi za gari za siku hizi hutiwa dawa ya kupunguza msuguano, ili gari ile petroli kidogo. Kwa gari ni jambo zuri, kwa sababu klachi ya gari haigusi oili ya injini. Kwa pikipiki yetu ni yale mafuta ya nazi baina ya viganja. Pleti hunywa dawa ile, na hata ziwe mpya kiasi gani zitateleza.

Namna ya kuitambua oili inayofaa ni kugeuza kopo upande wa nyuma. Tangu mwaka 1998 Wajapani wameweka kipimo cha oili za pikipiki, na alama yake ni JASO. Ikiandikwa JASO MA, oili hiyo inafaa kwa klachi inayokaa ndani ya oili. MA2, iliyokuja mwaka 2006, inafaa vizuri zaidi. Ikiandikwa JASO MB usiinunue, kwani imekusudiwa skuta ambazo klachi yake iko nje ya oili. Kopo likiwa halina alama ya JASO na lina maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba oili hiyo inahifadhi nishati, liache dukani. Uzito wa 20W-50 unafaa kwa joto la kwetu. Kiasi ni chini kidogo ya lita 1, lakini usitie kwa kukisia. Simamisha pikipiki wima, pangusa kijiti cha kupimia, ukiingize bila ya kukizungusha, kisha usome baina ya alama mbili.

Aliyekwisha tia oili isiyofaa aimwage injini ikiwa moto, atie inayofaa, aendeshe siku chache bila mzigo, kisha abadilishe tena. Mara nyingine klachi hurudi hali yake. Isiporudi, pleti zimeshiba, hapana dawa ila kubadilisha. Na oili chafu isimwagwe chini ya mikarafuu wala mtoni. Itiwe katika dumu na ipelekwe kwa fundi anayeikusanya.

Yakishindikana hayo mawili, ndipo tufungue. Klachi iko upande wa kulia. Mwaga oili, ondoa kiki, na kikanyagio cha mguu ikiwa kinazuia. Bolti za kifuniko hazina urefu mmoja, kwa hivyo twaa kipande cha boksi, uchore umbo la kifuniko, na kila bolti uichomeke pahala pake katika mchoro. Bolti ndefu ikitiwa katika tundu la fupi hupasua ganda la injini, na ganda ni ghali kuliko klachi. Kifuniko kikigoma kipigepige kwa mpini wa nyundo ulio wa mti. Usikichokonoe kwa bisibisi.

Utaziona bolti nne zenye springi. Zilegeze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kukabiliana, ili kile kibao kinachozibana kisilale upande. Kitovu hushikwa na nati yenye mianya au na pete ya kubana, kwa kutegemea mwaka na kiwanda. Nati hiyo ina spana yake maalumu. Wapo wanaoipiga kwa patasi na nyundo, na alama za patasi tumeziona katika injini nyingi, lakini nati ikishaharibiwa hivyo haikazi tena sawasawa.

Pleti zikitoka, zipange juu ya gazeti kwa mfuatano ule ule zilivyokuwa. Pima unene wa zenye kitambaa kwa kaliba. Mpya hukaribia milimita 3, na ikishuka chini ya 2.6 haifai tena. Zikiwa nyeusi, zinang'aa kama kioo na zinanuka kuungua, hazifai hata kama unene upo. Pleti za chuma zilaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Zikiyumba, au kipimo cha milimita 0.2 kikipita chini yake, zimepinda. Rangi ya buluu ni dalili ya moto mkali. Zilizonyooka lakini zinang'aa mno zisuguliwe kidogo kwa msasa laini, zioshwe na kukaushwa. Springi zisimamishe nne pamoja na moja mpya. Zikiwa fupi kuliko ile mpya, badilisha zote nne, wala usichanganye kuukuu na mpya. Ikiwa masikio ya pleti yamechimba vijishimo katika mianya ya bakuli, visawazishe kwa tupa, ijapokuwa huo ni ugonjwa wa kutoachia zaidi kuliko wa kuteleza.

Kuna hila moja inayotumika sana mitaani, nayo ni kutia washa chini ya springi ili zibane zaidi. Kwa siku mbili tatu huonekana kama tiba. Lakini kitambaa kilichokwisha hakirudi kwa kubanwa, mkono unakuwa mzito mpaka kiganja kinauma, na springi zikibanwa mno klachi haiachii tena. Anayekwama njiani usiku anaweza kuifanya afike nyumbani. Anayelipishwa kwa kazi hiyo kama matengenezo kamili ana haki ya kurudishiwa fedha zake.

Unapokwenda dukani chukua pleti moja ya kila namna mkononi. Pikipiki za China hufanana kwa nje, lakini idadi ya pleti, upana wake na hesabu ya meno hutofautiana. Pleti mpya za kitambaa zilowekwe katika oili safi usiku kucha kabla ya kufungwa, kwani zikiingia kavu huungua siku ya kwanza. Katika kupanga, ya kitambaa huwa ya kwanza na ya kitambaa huwa ya mwisho. Kaza zile bolti nne kwa zamu kama ulivyozilegeza. Kwangua gasketi ya zamani bila kuchuna bati, tia mpya, angalia vile vipini viwili vya kulengea kifuniko viko pahala pake, rudisha bolti kwa mchoro wako, na ukaze kwa spana fupi na mkono mmoja. Tia oili, pima plei upya, kwani ile ya zamani sasa si yake.

Siku tatu za mwanzo usipakie gunia. Baada ya hapo pima plei tena, kwani vitu vipya hukaa na kujipanga. Na katika mlima, anza na gia ya 1 tangu chini, uuachie mkono wote, uiache injini ifanye kazi. Tabia ya kupanda huku mkono umeshikwa nusu, au kuizuia pikipiki mlimani kwa klachi badala ya breki wakati mnaamkiana na mtu njiani, hula pleti nyingi kuliko mzigo. Vidole vikae kwenye mpini, si juu ya mkono wa klachi.

Spana ya nati ya kitovu, kaliba na vipimo vyembamba vimo katika kabati ya ofisi ya Chama. Anayevihitaji aandike jina lake na siku katika daftari, na avirejeshe siku ya pili kabla ya Alasiri, maana msimu ukianza huwa wanaovingoja ni wengi.

Katibu wenu